Ukitaka watu wajali viumbe hai, anzia kwenye mkorosho wao

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuwaelimisha wanakijiji kuhusu bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, namjibu: chini ya mkorosho. Kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa, nyangumi ni habari ya redioni, na tembo, kwa walio jirani na hifadhi, ni mharibifu wa shamba. Mkorosho ndio bati la nyumba na sare za shule. Ukizungumzia mkorosho, watu watakaa wakusikilize.

Waanzishie na chungu waitwao maji moto. Kila mkulima anawajua chungu hawa wanaong'ata vibaya wakati wa kupogolea, na wengi huwachoma moto. Mimi huwapeleka watu kwenye tawi lenye kiota kinachojengwa, tukasimama tu tukitazama. Chungu wanajipanga ukingoni mwa jani, wanalivuta kwa pamoja mpaka likutane na jani la pili. Halafu anakuja mwingine amebana buu mdomoni, anampitisha huku na huku kati ya majani mawili, na buu anatoa uzi mwembamba mweupe unaoyashona. Wapo waliozeeka na korosho bila kuliona hilo. "Kumbe hawa mafundi, mjomba!" aliniambia mzee mmoja, na akakataa kuondoka hata wenzake walipohamia mti mwingine.

Hapo ndipo unapoeleza kazi yao. Maji moto huwinda mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi na maua mpaka yanakuwa meusi na kukauka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, wamewachunguza chungu hawa kwa ajili hiyo. Korosho zenyewe huokotwa chini, kwa hiyo kiota cha juu hakimzuii mtu kuvuna. Mimi hupenda kuongeza jambo moja: mkorosho ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini mlinzi wake ni mwenyeji wa misitu yetu.

Usithubutu kuwaambia watu waache dawa zote. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, maji moto hawauwezi, na mkulima anajua msimu bila salfa, dawa yake, unavyoweza kuishia. Ukiongea kama hujui hilo, umeshawapoteza. Waombe mambo mawili tu. Kabla ya kupuliza sumu ya wadudu, wakague machipukizi waone kama mbu wapo kweli. Wakilazimika kupuliza, iwe jioni nyuki wakisharudi, kwa sababu maua ya mkorosho hutegemea wadudu kubeba chavua.

Ukitaja nyuki, uliza swali: wanaishi wapi? Watakujibu wenyewe kuwa ni kwenye matundu ya miti mikubwa porini. Sasa mnazungumzia msitu, na hukuhitaji bango wala hotuba kufika hapo. Mtu atauliza, na ana haki kuuliza, kijiji kinapata nini kwa kuacha pori lisimame. Jibu unalo karibu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kikausimamia na kunufaika nao. Kule Kilwa viko vijiji vilivyouza mpingo na magogo mengine kwa utaratibu huo, mapato yakaingia kwenye mfuko wa kijiji.

Na kama uko Lindi, wasimulie watoto habari za komba wa Rondo. Ni mnyama mdogo ajabu, uzito wake ni kama gramu 60, jina lake limetoka kwenye uwanda wetu wa Rondo, na wanasayansi walimwandika rasmi kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990. Duniani kote, anajulikana kuishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Nimeona watoto wakinyanyua vichwa wanaposikia hivyo. Wafundishe wasikilize usiku, sauti ndiyo humtambulisha.

Pwani, mkorosho uache, chukua pweza. Msimbati au Mikindani, nenda bamvua wakati maji yamekupwa, uongozane na akina mama wanaochokoa pweza miambani, na wao ndio waanze kusema. Wanaujua mwamba kuliko wewe. Kisha waeleze kuwa pweza jike akishataga hujifungia tunduni, hali chakula, analinda mayai mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Mama aliyelea atakuelewa mara moja unapopendekeza sehemu ya mwamba ipumzishwe kwa miezi kadhaa. Usiongoze kwa orodha ya makatazo ya uvuvi wa baruti na nyavu za kokoro. Wanayafahamu hayo, na wenye kuvunja hawako kwenye mkutano wako.

Kwa wa bara, safari za shambani zipange Mei au mwanzoni mwa Juni, kabla maua hayajatoka na pampu za dawa hazijaanza kuvuma. Ukingoja Oktoba, mchana watu wanaokota korosho na jioni wako chama cha msingi cha ushirika wakipima mzigo, hutampata hata mmoja.