Karafuu tunazo, umaskini unatoka wapi? Jibu langu

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza kwa nini Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kina umaskini kuishinda Unguja. Waliotangulia wamejibu kwamba Wapemba hawajui kuweka pesa. Mie ni mtoto wa Mtambwe, huku huku Pemba, nimesomeshwa kwa karafuu, na sasa ni mshika daftari wa kikundi cha hisa, yaani cha kuweka na kukopeshana pesa. Jibu hilo silikubali.

Pesa ya karafuu huwa imeshaliwa kabla msimu haujafika. Tazameni mwaka unavyokwenda kwetu. Masika mvua, shambani hakuna cha kuuza. Halafu unavuma upepo wa kusi, madau hayatoki kila siku. Hapo ndipo mtoto anaumwa usiku, inatakiwa gari ya kumfikisha hospitali, na ndani hamna hata elfu kumi. Mikarafuu imesimama nje, imeanza kuonesha mazao. Anakuja mwenye pesa, anazunguka shamba, anatazama juu, anataja kima chake. Mnapeana mkono. Msimu ukifika, anayeleta wachumaji ni yeye, anayeanika ni yeye, anayepeleka gunia kituo cha kununulia karafuu ni yeye, na wenye shamba wanachuma mikarafuu yao wenyewe kwa ujira wa kila pishi, kile kipimo cha karafuu wanazochuma. Masheikh wetu hawachoki kutukumbusha kwamba tunda haliuzwi kabla ya kuonekana kukomaa kwake, na watu wanalijua hilo. Shida ikibana, biashara hiyo inabadilishwa jina, inaitwa kukodi.

Ndiyo maana bei nzuri peke yake haitoshi. Mwaka 2011 ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, lilipandisha bei ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Kijijini kwetu waliojenga ni wale walioingia msimu bila deni. Aliyekwisha kuuza mtini aliisikia bei redioni tu. Na hii biashara ya vikombe inayopigwa vita kila msimu, karafuu mbichi kuuzwa kwa kikombe kichochoroni, wizi umo, sikatai, lakini wengi wanaouza ni watu wasioweza kungoja siku chache za jua karafuu zikauke. Mbichi kilo tatu hukauka ikabaki kama kilo moja, kwa hiyo anayenunua mbichi anajua vizuri anachokifanya, na muuzaji naye anajua.

Zipo sababu za zamani pia. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, kisha ikapanda mikarafuu yake, na miaka ya 1980 bei ikaanguka. Watu waliacha kuhudumia mashamba. Halafu zile eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi: mzee aliyepewa ameshafariki, wamebaki watoto, wajukuu na vitukuu, kila mmoja ana haki yake. Nani apande mche utakaongojewa miaka ndipo uzae, hali hajui kama utakuja kuwa wake? Mikarafuu inazeeka huku tunatazamana.

Madhara yake mnayaona: mtoto haonekani skuli wakati wa uchumaji, kijana kapanda mkarafuu mrefu kaanguka na mgongo haujapona, mwengine kavuka kwenda Unguja au Dar kuuza katika duka la mtu. Wanawake wanalima mwani, lakini huko nako maji ya bahari yamekuwa ya moto mno, ule mwani mnene wenye bei nzuri unakufa, unabaki mwembamba wa bei ndogo.

Sasa nini kinapunguza? Kwa niliyoyaona, ni pesa ndogo inayopatikana katika miezi mibaya. Pensheni jamii ilipoanza mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, wengine waliidharau. Kwetu iliwaondoa wazee wengi katika daftari la deni la dukani. Takwimu za Serikali zinaonesha umaskini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20. Umaskini wa Pemba bado ni mkubwa kuliko wa Unguja, na wilaya ya Micheweni ndiko kuzito zaidi.

Kikundi chetu kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Mkopo haurudishwi kwa ziada, wanachama walikataa riba tangu siku ya kwanza. Mama mmoja alikopa ya matibabu wakati wa kusi, akalipa baada ya kuuza karafuu zake kavu, kwa jina lake mwenyewe, kituoni. Mwaka wa nyuma yake mikarafuu ile ile ilichumwa na mtu mwengine.

Ndugu uliyeuliza, mkianzisha chenu, angalieni wakati wa kuvunja sanduku. Vikundi vingi hugawana kabla ya sikukuu. Ramadhani inahama kila mwaka, msimu wa karafuu hauhami nayo. Mkigawana pesa yote kabla ya masika, sanduku litakuwa tupu wakati mwenye pesa anapoanza kuzunguka mashambani. Sisi tumekubaliana mgao uwe baada ya karafuu kuuzwa, na akiba ya shida haigawanywi kabisa.