Mama kapunguziwa dawa baada ya kipimo cha figo: jibu langu

Dadangu, umeuliza kama daktari amekosea. Mamako ana miaka 70, ana sukari na presha, anatumia enalaprili na amlodipini, dawa za presha. Baada ya kipimo cha figo amekatiwa nusu ya metformini, kaondolewa glibenklamidi (zote mbili ni dawa za kushusha sukari) na kukatazwa diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti. Waogopa sukari itapanda. Mimi ni mfamasia hapa Mombasa na swali hili naulizwa dirishani kila mara. Kwa uliyoyaeleza, daktari kafanya sawa.

Dawa nyingi hutolewa mwilini na figo. Zikidhoofika, kidonge cha leo kinakuta cha jana hakijatoka. Hapo glibenklamidi ndiyo inayonitisha zaidi. Kuna mzee wa Kisauni aliyeletwa na wanawe asubuhi tukifungua duka, jasho lamtiririka, maneno hayaeleweki, wao wakidhani malaria imempanda kichwani. Glukomita, mashine ya kupima sukari, ikasoma 2.1, chini mno. Alikuwa bado aweza kumeza, tukampa maji ya sukari, akazinduka na kutaka kurudi nyumbani. Niliwasihi wampeleke hospitali alazwe, maana figo zake zilikuwa dhaifu na dawa bado imo damuni. Mchana, akiwa wodini, sukari ikashuka tena.

Sasa hiyo karatasi ya maabara. Kreatinini ya mamako, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, ni 120 (mikromoli kwa lita), na kijana mwenye misuli akiwa na namba hiyo huenda nisishtuke sana. Maabara imeandika eGFR 42, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu. Kati ya 30 na 45, metformini huwa haivuki miligramu 1000 kwa siku. Chini ya 30 inasimamishwa kabisa. Lakini umesema mamako ana kilo 50 tu, na kwa mtu mwembamba hivyo mimi hupiga pia hesabu ya Cockcroft na Gault, ya tangu 1976, ambayo hutumika kupangia dozi za dawa nyingi: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 (mwanamume ni 1.23), kisha gawanya kwa kreatinini. Kwake inatoka kama mililita 30 kwa dakika. Kwa hiyo siku akiandikiwa antibayotiki kama siprofloksasini, mwambie anayeandika kuhusu figo kabla hajashika kalamu. Mara nyingi dozi ya kwanza hutolewa kamili, zinazofuata ndizo hupunguzwa au kuachanishwa masaa.

Si kila kitu hupunguzwa. Amlodipini yabaki ilivyo. Enalaprili nayo msiiache kwa kusikia tu kwamba figo ni mbovu, kwa wengi wenye sukari ndiyo inayozilinda, ilimradi kreatinini na potasiamu (madini yaliyomo damuni) zinapimwa. Diklofenaki ndiyo ya kukataa, hata ikija kwa sindano, hata jirani akiapa imemponya. Inapunguza damu inayofika kwenye figo, na ikikutana na enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, figo zaweza kuzima kwa siku chache. Magoti apewe parasetamoli kwa kipimo chake.

Na madafu, tafadhali. Pwani twaambiana dafu lasafisha figo. Lina potasiamu nyingi, na enalaprili yazuia potasiamu kutoka. Ikizidi sana moyo waweza kusimama. Asinywe mpaka mjue potasiamu yake ni ngapi.

Wiki hii kusanya kila anachomeza, na mitishamba pia, tia kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari. Muulize potasiamu, na kipimo kirudiwe lini. Msibadilishe dozi wenyewe. Akihara au kutapika kabla ya hapo, pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo muulize kama metformini na enalaprili zisimame mpaka aanze tena kula na kunywa vizuri.