Jibu: Kwa nini vipande vya barafu hushikana ndani ya friza?

Kaka, umeuliza kwa nini vipande vya barafu unavyopeleka soko la samaki Malindi hugandana ndani ya friza, na humo ni chini ya nyuzi 0. Swali zuri mno! Mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza alilieleza mwaka 1850: alikutanisha vipande viwili vya barafu inayoyeyuka, vikashikana. Akasema juu ya barafu pana utando wa maji.

Alisema kweli. Molekuli (chembe ndogo kabisa ya maji) ya ndani ya barafu imeshikana na nyingine nne. Ya juu kabisa haina wa kuishika upande wa hewani, basi hulegea na kutikisika zaidi. Ndiyo maana uso hulainika hata kwenye nyuzi hasi 10, ingawa utando wenyewe ni mwembamba ajabu, nanomita chache tu. Ukikaribia 0, unanenepa. Vipande vikigusana, utando unabaki katikati, barafu huku na huku, nao unaganda.

Wengi husema ni uzito wa vipande vya juu unaoyeyusha vya chini. Siyo. Kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi 1 kunataka mgandamizo unaozidi ule wa hewa inayotuzunguka zaidi ya mara 130, na vipande vyako havifiki huko hata vikipangwa hadi mdomoni mwa friza.

Ishushe friza hadi hasi 18, vitashikana polepole zaidi.