Fundi anasema ninunue mpya: nimsikilize?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: kompyuta imechoka, pesa ni kidogo, fundi kasema hivi na shemeji kasema vile. Nimechagua chache. Nyingine zinafanana mno na hizi, kwa hiyo wenyewe watajipatia majibu humuhumu.

Nina HP EliteBook 840 G3, RAM GB 8, diski GB 500. Asubuhi naiwasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado inazunguka. Fundi ameshapiga Windows mara mbili na tatizo liko palepale. Sasa anasema ninunue mpya. (Karani, Dodoma)

Usinunue bado. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, kisha tazama safu ya Disk. Kama imeganda kwenye asilimia 100 na wewe hujafungua chochote, huku CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta) imetulia, basi kinachoumwa ni diski peke yake. Diski ya GB 500 kwenye mashine za rika hilo ni HDD, ile ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta mafaili. Windows ikiwaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ule lazima uvifuate kimoja kimoja. Upige Windows mara kumi, mkono hautakimbia zaidi.

Dawa ni kuibadilisha uweke SSD, diski ya chipu tupu isiyo na kinachozunguka. Ile ya kiungio cha SATA, kama cha diski yako, husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde, wakati HDD ya laptopu hucheza kwenye 100 hivi, na kwenye vipande vidogo pengo ni kubwa kuliko hapo. Kwa kazi za karani, GB 256 zinatosha. Mwambie fundi ahamishe kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kama kilivyo, asianze upya, la sivyo utashinda wiki nzima unatafuta programu zako. HDD ukiitoa unaweza kuitia kwenye kava ya USB, lakini ipime kwanza kwa CrystalDiskInfo. Ikiandika Caution au Bad, usihifadhi humo kitu unachokipenda.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta ikiwa kazini, iache. GB 8 zinatosha kwa Excel na barua pepe, na bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. SSD nazo zimeguswa na wimbi hilohilo, lakini hapo angalau unalipia kitu utakachokiona siku hiyohiyo.

Fundi wako ana haki sehemu moja tu. G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha ili kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mafundi wanajua kuipitisha Windows 11 kwa mlango wa uani, na inawaka vizuri tu, ila Microsoft haikuahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo. Kwenye kompyuta yenye hesabu za ofisi mimi singethubutu. Weka SSD sasa, anza kudunduliza za mashine nyingine, na siku ukiipata, SSD hiyo itakufaa angalau iwe diski ya nje.

Nimemwagia laptopu chai ya maziwa, haiwaki. Fundi anataka 280,000 abadilishe mazabodi. Mtumba wa mashine kama hii nimeona unauzwa 450,000. (Morogoro)

Usitoe. Mimi matengenezo yakivuka nusu ya bei ya mashine ileile ikiwa nzima, naachana nayo. Mazabodi (bodi kuu ya ndani) utakayowekewa yenyewe imechomolewa kwenye laptopu nyingine iliyokufa, na dhamana yake ni mdomo wa fundi. Chomoa diski, mara nyingi mafaili yamo salama, halafu uza kioo, RAM na chaja kama spea.

Wengine mnaosoma: ikimwagikiwa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, igeuze kifudifudi na uipeleke ikafunguliwe siku hiyohiyo. Kuizika kwenye mchele hakutoi sukari wala maziwa yaliyokwisha kuingia.

Mwanangu, laptopu ya kijana wangu ile sehemu ya kupapasa kwa kidole imeinuka, haibonyezeki, na kifuniko hakifungi sawasawa. Fundi wa hapa mtaani asema ataikandamiza aitie gundi. Niongeze pesa kidogo anunuliwe nyingine? (Kisauni, Mombasa)

Shikamoo mama. Asiikandamize! Kilicho chini ya sehemu hiyo ni betri, na karibu hakika imevimba. Betri za lithiamu zikizeeka au zikipata joto kwa muda mrefu hutoa gesi ndani ya mfuko wake, na mfuko hufura. Ukiubana au ukiutoboa unaweza kushika moto, na moto wa betri hizi ni mgumu kuuzima.

Leo hii mwambie kijana aizime, achomoe chaja na asiichaji tena. Asilale nayo kitandani. Ipelekeni kwa fundi anayejua kazi ya betri, aitoe bila kuichokonoa kwa bisibisi ya chuma. Hiyo iliyovimba isitupwe jaani. Mwachieni fundi mwenyewe au duka linalopokea taka za elektroniki.

Kuhusu kununua nyingine, mama, hapana. Betri ni katika vitu vya bei nafuu kwenye laptopu, na ikitoka, kifuniko na pale pa kupapasa kwa kawaida hurudi mahali pake. Labda kama bawaba nazo zimeng'oa plastiki, hapo fundi akuonyeshe kwa macho kabla hujakubali bei. Na kijana aache kuichaji juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini.

MacBook Air yangu ya 2017 ina RAM GB 8. Nataka kuifikisha 16. Nitapata wapi fundi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hutapata, na atakayekubali muogope. RAM ya MacBook Air imechomelewa kwenye mazabodi tangu kiwandani. Diski yake inabadilishika, betri pia, lakini mfumo wa mwisho inaoupokea rasmi ni macOS Monterey wa 2021, ambao Apple imeshaacha kuusasisha. Itumie ilivyo mpaka umalize chuo.

Kompyuta ya mezani dukani kwangu hujizima yenyewe kila mchana wateja wakijaa. Asubuhi haina neno. Fundi anasema nibadilishe pawa saplai na mazabodi vyote. (Stesheneri, Mbagala)

Fundi anayetaka kubadilisha vitu viwili kwa mpigo hajajua kipi kibovu. Inayojizima mchana na kutulia asubuhi, nashuku joto kwanza. Fungua kava. Kwenye stesheneri vumbi la karatasi na la barabarani hutengeneza blanketi zima juu ya feni ya prosesa. Lipulize kwa blowa, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, kisha fundi afute pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kazi ya nusu saa.

Ikiendelea, azima pawa saplai ya mtu mwingine uijaribu kabla ya kununua. Hapo ndipo kompyuta ya mezani inapoishinda laptopu, vitu vyake vinaazimika. Angalia tu, zile kasha nyembamba za Dell na HP mara nyingi zina pawa saplai ya umbo lake peke yake, kwa hiyo nenda sokoni na ya zamani mkononi. Kisha tazama vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikivuja maji ya kahawia, ndipo neno la mazabodi linakuwa na maana, na hapo ningekushauri ununue kasha zima la mtumba lenye prosesa ya kizazi cha 8.

Ukiweka UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, printa ya leza na mashine ya kopi visichomekwe humo. Vikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzidiwa ikazima kila kitu, kompyuta ikiwemo.

Sekondari yetu ilipewa kompyuta 12. Kila asubuhi zinaonyesha Januari 2009, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai si salama. Ni Windows 7, RAM GB 2. Tuombe nyingine? (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, hilo la tarehe ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, volti 3, inayolinda saa kompyuta ikiwa imezimwa. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani tuko 2009 huona vyeti vyote havijaanza kazi. Nunua 12, badilisha, rekebisha saa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza.

Windows 7 ni suala jingine. Iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na tangu mwanzoni mwa 2023 hata Chrome haitoi toleo jipya kwa ajili yake. Ningefanya hivi: chomoa RAM kwenye kompyuta sita uzipe sita zilizobaki, kila moja ifike GB 4. Ziwe za aina moja, maana DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Kisha, badala ya Windows, weka mfumo wa Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce, ambao inashauriwa kwa GB 4 na haina malipo, na inakuja na LibreOffice ya kufundishia uandishi na majedwali. Zile sita ulizochomoa RAM ni stoo yako ya spea: kibodi, feni, pawa saplai.

Na mkipewa nyingine, ulizeni umri na RAM kabla ya kupiga picha ya makabidhiano. Wapo wanaotoa msaada ili kukwepa gharama ya kutupa.

Nimeshaamua kununua mtumba. Nisiuziwe mbuzi kwenye gunia, nitazame nini? (Zanzibar)

Jina la prosesa kwanza. i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, hicho ndicho kizazi. i5-6300U ni cha 6, hata muuzaji akikuonyesha Windows 11 inawaka. Lenovo ThinkPad T480 ya 2018 ni chaguo ninalolipenda, kwa sababu RAM yake inaongezeka na moja ya betri zake mbili hutoka bila bisibisi.

Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na uliobaki. Chini ya asilimia 60, punguziwa bei. Izime, uiwashe upya na uingie kwenye BIOS, mipangilio inayotangulia Windows: ikidai nywila asiyoijua muuzaji, irudishe, kwani nyingi zimetoka maofisini na kufuli zake. Hata isipodai, Windows ikisafishwa ukakuta inaomba akaunti ya kampuni usiyoijua, ni yaleyale.

Ile ya zamani, kabla ya kuiuza, itoe diski ubaki nayo. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka la Windows hakuondoi kitu. Kwenye HDD mwenye programu ya bure ya kurejesha mafaili anaweza kuyapata mengi.