Dionaea iliyokauka majani: usiitupe bado
Ndugu, majani yote kuwa meusi si kwamba Dionaea yako, ule mmea unaonasa wadudu kwa majani yake, imekufa. Fukua udongo taratibu utazame tunguu: likiwa jeupe na gumu, lina uhai, likibonyea na kuwa la kahawia, hapo basi tena. Mara nyingi kinachoiponza ni maji ya bomba, maana chumvi zake hujilimbikiza mizizini. Mwagilia maji ya mvua tu. Ihamishie kwenye peati (mabaki ya mimea ya kinamasi) yenye mchanga safi usio na chumvi, bila mbolea hata chembe, na izoeshe jua kidogo kidogo. Ikichomoza kikonyo cha maua, kikate, kinaimaliza nguvu. Yangu ilibakiwa na jani moja dogo kama ukucha. Miezi miwili baadaye ikafungua mitego mipya, myekundu kwa ndani. Nilifurahi mno!