Jibu: Samaki wanaogelea wameinama upande

Salamu ndugu. Umeuliza kwa nini samaki wako wote wanaogelea wameinamia upande mmoja tangu uhamishie tangi dirishani, na kama samaki hujua juu na chini kwa kuona au kwa kuhisi.

Kabla hujanunua dawa yoyote, angalia mwanga. Ziba upande wa dirisha kwa kadibodi, weka taa juu ya tangi, kisha watazame. Samaki huelekeza mgongo kwenye mwanga, hivyo ukitoka ubavuni naye huinama kuufuata. Kwangu mara nyingi wananyooka papo hapo.

Hawalali ubavu kabisa kwa sababu ndani ya masikio wana vijiwe vya chokaa vinavyoelemea vinyweleo vya fahamu na kuwaambia chini ni wapi. Huo mwinamo ni maafikiano ya jicho na sikio.

Angani vijiwe hivyo havielemei kitu. Mwaka 1973 samaki wadogo waliopelekwa kwenye Skylab, kituo cha angani cha Marekani, walianza kwa kupiga vitanzi mfululizo. Baada ya wiki kadhaa wakatulia, migongo ikielekea mwanga, lakini mfuko wa maji waliokuwamo ukitikiswa vitanzi vilirudi. Walioanguliwa hukohuko waliogelea vizuri tangu mwanzo, jambo linalonishangaza mpaka leo.

Ukisharekebisha mwanga na mmoja akabaki ameinama, shuku kibofu chake cha hewa au sikio. Ni kipi kati ya hivyo, siwezi kusema bila kumwona; weka video hapa.