Kuzalia ugenini: leba inapita, makaratasi ndo yanabaki

Dada uliyeuliza na mimba yako ya miezi mitano kama ujifungulie hukohuko mlikohamia kikazi au urudi kwa mama, mi nilibaki na sijutii, ila kuna vitu huwa havisemwi.

Anza na bima. Usiangalie kadi, soma mkataba. Bima nyingi za wafanyakazi walio nje zina muda wa kungoja upande wa uzazi, miezi 10 au 12 hivi tangu ujiunge, kwa hiyo ukijiunga na mimba tayari wanakuruka. Uliza pia mtoto ataingia lini kwenye bima yenu, maana akizaliwa njiti akalazwa, bili ya wodi ile ndo inatoa watu machozi.

Kama ni kurudi amua sasa, mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na ikifika ya 36 hupandi, mapacha ni mapema zaidi.

Halafu uraia, hapa watu wanajidanganya sana. Marekani na Kanada akizaliwa pale kwa kawaida ni raia, lakini Uingereza tangu 1983 lazima mzazi mmoja awe raia au ana makazi ya kudumu, na Ireland nao walibana 2005. Kwingi mtoto anafuata wazazi, yaani katoka tumboni ni mgeni kama nyie, anahitaji cheti, pasi ya ubalozini, na kibali chake cha kuishi. Cheti chukua kile kirefu chenye majina ya wazazi, kile kifupi ubalozini unaweza kurudishwa nacho. Na majina yawe herufi kwa herufi kama kwenye pasi zenu, hakikisha kabla hujasaini, kalamu ikishapita kurekebisha ni safari nyingine.

Sasa picha ya pasi aisee 😂 kichanga alazwe kwenye shuka jeupe, macho wazi, mdomo umefungwa, kivuli hakuna, mkono wa mtu usionekane. Mume wangu kasimama juu ya kiti na simu, mimi nachezesha funguo pembeni, mtoto akifumbua macho anapiga miayo, akifunga mdomo kashalala.

Leba yenyewe mbona inakwenda tu. Kundi lako la damu, aleji na upasuaji wa zamani viwe vimeandikwa kwa lugha ya pale, uchungu ukikolea hata lugha yako mwenyewe inakupotea. Kama damu yako ni negativu (mfano O-) wakumbushe ile sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usije kushambulia damu ya watoto wa mbele, mtoto akiwa positivu inatakiwa ndani ya saa 72.

Viza ya mama ombeni sasa hivi. Ila mi nisingemleta kwa siku ya kujifungua, siku ile una manesi na mume yupo. Mlete mume akirudi kazini.